UZI: Princess Anne, kaunti iliyojifuta jina ili jirani asiimege

Mkaa Ughaibuni (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa mipaka ya majiji nilidokeza habari za Virginia Beach, wadau wakaniambia niache kudokeza, nilete kitu chenyewe. Haya, nimekileta. Ni kirefu, kwa hiyo mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Ukifungua ramani ya Marekani leo hutaiona Kaunti ya Princess Anne. Ilikuwa kona ya kusini-mashariki kabisa ya jimbo la Virginia: mashariki Bahari ya Atlantiki, kaskazini Ghuba ya Chesapeake, kusini jimbo la North Carolina. Iliundwa mwaka 1691 baada ya Kaunti ya Lower Norfolk kukatwa vipande viwili, ikapewa jina la binti wa kifalme ambaye baadaye alikuja kuwa Malkia Anne wa Uingereza. Ikadumu miaka 270 na ushee. Tarehe 1 Januari 1963 ikaungana na jiji jirani la Virginia Beach, na jina likaishia hapo.

Ukisoma hivyo haraka haraka utasema ni yale yale, jiji limekula shamba. Ngoja kwanza. Sensa ya 1960 iliikuta Virginia Beach na watu 8,091. Princess Anne ilikuwa na watu 77,127. Aliyepoteza jina alikuwa na watu zaidi ya mara tisa ya aliyebaki nalo! Virginia Beach yenyewe wakati huo ilikuwa ukanda mwembamba wa hoteli na nyumba za wapumzikaji ufukweni, mji uliosajiliwa 1906 na kupewa hadhi ya jiji 1952 tu. Na baada ya muungano, makao makuu ya jiji jipya yakawekwa wapi? Siyo ufukweni kwenye hoteli. Yaliwekwa palepale kwenye mahakama ya zamani ya kaunti, kijijini, mbali na ufukwe, na yapo huko mpaka leo. Mtalii anayekaa hotelini Atlantic Avenue akiambiwa aende ofisi za jiji anashangaa gari linapita mashamba.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: kaunti ndiyo iliyolichukua jiji. Ilifanya kama yule kaa wa pwani asiye na gamba lake, anayetafuta kombe tupu na kuingia humo mzima mzima. Kombe lilikuwa hadhi ya jiji. Na aliyekuwa anamwinda ni jiji jirani la Norfolk.

Sasa hapa lazima nieleze sheria ya Virginia, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Sehemu nyingi za Marekani mji unakuwa ndani ya kaunti. Mkazi wa mji analipa kodi huku na huku na kupiga kura huku na huku. Virginia sivyo. Kule jiji linasimama lenyewe, haliko ndani ya kaunti yoyote. Lina mahakama yake, shule zake, kodi zake. Majiji huru ya namna hii Marekani nzima ni 41, na 38 kati yake yako Virginia. Matokeo yake ni kwamba jiji likitaka kupanuka, kila ekari linayoichukua inatoka moja kwa moja mfukoni mwa kaunti. Kaunti inapoteza ardhi, walipa kodi, maduka, wakati mwingine na shule ilizojenga kwa mkopo.

Na wakati ule jiji halikuhitaji kubembeleza. Lilikuwa linafungua shauri mbele ya jopo la majaji watatu, linaeleza kwamba eneo fulani limeshakuwa la kimji na linahitaji huduma za kimji. Majaji wakikubali, mpaka unasogezwa. Kuna fidia na kubeba sehemu ya madeni, sawa, lakini wakazi wa eneo linalomegwa hawaulizwi kwa kura.

Norfolk ilikuwa hodari wa mchezo huo. Bandari kubwa, kambi kubwa ya jeshi la majini, watu wamejazana baada ya Vita Kuu ya Pili. Chini ya Meya Fred Duckworth miaka ya 1950 jiji likawa linabomoa mitaa ya katikati kwa mkono mmoja na kutwaa ardhi za pembeni kwa mkono wa pili. 1955 likamega Kaunti ya Norfolk (kaunti jirani yenye jina lile lile, siyo jiji lenyewe) upande wa Tanners Creek. 1959 likahamia Princess Anne, likachukua zaidi ya kilomita za mraba 30 pamoja na makumi elfu ya wakazi, sehemu ile ile iliyokuwa imejengeka na kulipa kodi nzuri.

Princess Anne walipoona hivyo wakajua hiyo ni raundi ya kwanza tu. Na sheria ilikuwa na mwanya mmoja: jiji haliwezi kumega jiji lingine. Linamega kaunti. Ukiwa jiji, umepona.

Hapo ndipo mipango ilipoanza na majirani wa ufukweni. Januari 1962 pande zote mbili zikapiga kura ya maoni, kaunti yake na jiji lake, na zote zikasema ndiyo kwa wingi mkubwa. Bunge la jimbo likapitisha mkataba wa jiji jipya, na mwaka uliofuata ukafunguliwa na jiji jipya kabisa, kubwa, lenye hoteli upande mmoja na nguruwe na soya upande wa pili.

Nitaendelea na sehemu ya maji na ya uchaguzi. Maswali ruksa.

---

Kijana wa Kiambu

Mkuu shukran kwa hii. Lakini mimi kama Mkenya neno kaunti linanichanganya hapo. Kwetu Nairobi ni jiji na ni kaunti kwa wakati mmoja, gavana ni huyo huyo. Sasa hiyo ya Virginia unasema haiwezekani?

---

Mkaa Ughaibuni

@Kijana wa Kiambu, neno ni moja, vyombo ni viwili tofauti. Kaunti yenu ya katiba ya 2010 ni ngazi nzima ya ugatuzi, ina gavana na bunge lake. Kaunti ya Virginia ni ndogo zaidi kimamlaka, ina bodi ya wasimamizi, na uwezo wake ni ule tu jimbo linaoupa. Kule ukishakuwa jiji, umetoka kwenye kaunti. Hakuna kuvaa kofia mbili. Ndiyo maana neno "kuungana" lilikuwa na maana ya kufa kisheria kwa mmoja wao.

---

Mzee wa Gerezani

Mleta mada, uzi mzuri, ila umetupakia sukari. "Kaunti ilijiokoa." Kaunti ni nani? Kaunti haina mdomo. Kuna watu walikuwa na vyeo, na Norfolk ingeendelea kumega wangebaki na vyeo vya kusimamia mikoko na mbu. Niambie nani alikuwa kinara wa huo mpango na alikuwa anakula wapi.

---

Mkaa Ughaibuni

Mzee wangu, shikamoo. Umenishika pabaya, na nilikuwa naelekea huko huko.

Kinara aliitwa Sidney Kellam. Familia ya Kellam ilikuwa na mizizi kwenye siasa za Princess Anne, na Sidney ndiye aliyekuwa mkono wa pale wa ule mtandao wa Seneta Harry Byrd uliokuwa unaendesha Virginia nzima kwa miongo kadhaa. Kwa lugha yetu, bila yeye hupati uteuzi. Kwa hiyo ndiyo, muungano ulilinda pia himaya yake ya kisiasa. Sibishi. Mpaka leo kuna shule ya sekondari ya Floyd E. Kellam, uone jina hilo lilivyokaa.

Lakini mzee, ukubali na upande wa pili: wapiga kura walipelekewa swali na wakajibu. Wale wa Norfolk walipomega 1959 hawakumuuliza mkulima yeyote. Kati ya mwanasiasa anayelinda ulaji wake kwa kura na jiji linalochukua kwa hukumu, mimi namchukua wa kwanza.

---

Dada Mtundu

Naomba niseme ambalo hamlisemi. Mnazungumzia mipaka na kodi kama vile Virginia ya 1962 haikuwa na rangi.

Mwaka 1958 gavana wa Virginia alifunga shule za wazungu za Norfolk badala ya kuruhusu watoto weusi 17 kuingia. Shule sita, karibu wanafunzi elfu kumi, kuanzia Septemba mpaka Februari 1959. Jeshi la majini pale, watoto wa maofisa hawana shule! Zilipofunguliwa, familia nyingi za wazungu ziliendelea kuhamia nje ya jiji, na nje ya jiji upande wa mashariki kulikuwa wapi? Princess Anne. Nyumba mpya, viwanja vikubwa, mikopo ya maveterani. Kwa hiyo mpaka ule uliowekwa 1963 haukulinda mashamba peke yake. Ulihakikisha Norfolk haiwafuati waliohama.

Na weusi waliokuwa Princess Anne tangu enzi na enzi je? Wao walikuwa na sekondari moja tu kaunti nzima, Princess Anne County Training School, iliyofunguliwa 1938 baada ya wazazi wenyewe kuchangishana kununua ardhi. Ikafungwa 1969. Mitaa kama Seatack, watu walikaa vizazi na vizazi, na jiji jipya lilipokuja huduma za maji taka na lami zilichelewa kufika kwao wakati viwanja vipya vya jirani vinapata. Hao hawakuingia haraka kwenye hesabu ya muungano.

---

Mkaa Ughaibuni

Dada, hapo umeongeza nyama uzi ulipokuwa mfupa. Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa. Ninachokataa ni pale watu wanaposema rangi ndiyo sababu *pekee*. Kaunti ya Norfolk nayo ilifanya jambo lile lile siku ile ile, 1 Januari 1963, ikaungana na jiji dogo la South Norfolk na kuwa Chesapeake (jina walilipigia kura). Huko walikuwa wanamegwa na Norfolk upande mmoja na Portsmouth upande wa pili. Ng'ambo ya maji, Kaunti ya Elizabeth City ilishaungana na Hampton tangu 1952. Kaunti ya Warwick ikajigeuza jiji 1952 na 1958 ikaingia Newport News. Nansemond ikajigeuza jiji 1972, miaka miwili baadaye ikaungana na Suffolk. Yakabaki majiji yaliyopakana kama vigae, kaunti hizo zimekwisha. Sheria ile ya kumega ndiyo iliyokuwa inawasukuma wote. Rangi iliongeza kasi, na Princess Anne iliongeza kuliko kwingine.

---

Fundi Bomba

Mimi nimesubiri maji tangu post ya kwanza. Umesema sehemu ya maji inakuja. Kaunti ya mashamba pembeni mwa bahari, ardhi tambarare, visima vina chumvi nahisi. Walikuwa wanakunywa nini?

---

Mkaa Ughaibuni

@Fundi Bomba umehisi sawasawa. Walikuwa wanakunywa maji ya Norfolk.

Hapa ndipo utamu ulipo. Princess Anne haikuwa na chanzo kikubwa cha maji matamu. Ziwa, mabwawa, mitambo ya kusafisha, vyote mali ya Norfolk, ikiwemo na yaliyokuwa yamekaa kwenye ardhi ya kaunti. Ukitoroka kwa mtu huku bomba lako limeungwa kwake, umetoroka nusu. Norfolk iliupinga muungano, na kila mtu alijua turufu yake ilikuwa ipi.

Jiji jipya likaingia mkataba wa kununua maji ya Norfolk. Ila angalia idadi ya watu: 1970 watu 172,106. 1980 watu 262,199. 1990 watu 393,069. Huo ni mji ulioongezeka zaidi ya mara nne ndani ya miaka 30, na hauna mto wake. Ukame ukija, Norfolk kwa haki kabisa inaangalia watu wake kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Virginia Beach ikabidi ipige marufuku kumwagilia bustani na kuzuia kuunganisha maji maeneo mapya. Fikiria jiji la watalii, majani yamekauka.

Suluhisho walilichagua mapema, miaka ya 1980: kuchota maji Ziwa Gaston, mpakani na North Carolina, kwa bomba la kilomita 122. Kilomita 122! North Carolina ikasema hapana, hayo maji yanatiririka kwetu. Wakaenda mahakamani, kwenye mamlaka za nishati, kwa kikosi cha wahandisi wa jeshi, kila mahali. Zaidi ya miaka 10 ya mawakili. Maji yakaanza kutiririka mwishoni mwa miaka ya 1990. Uwezo wa bomba ni galoni milioni 60 kwa siku, kama lita milioni 227, na mradi uligharimu karibu dola milioni 150.

Sasa sikiliza hiki mkuu, wewe ni fundi utacheka. Maji ya Gaston hayaendi moja kwa moja Virginia Beach. Yanamiminwa kwenye hifadhi ya maji ya Norfolk, yanasafishwa kwenye mtambo wa Norfolk, halafu ndiyo yanakwenda kwa wenyewe. Kwa hiyo wana maji yao, lakini yanapitia jikoni kwa yule yule.

---

Fundi Bomba

Hahahaa mkuu umeniua. Ila kitaalamu ni akili. Kwa nini ujenge mtambo mpya wakati jirani ana mtambo wenye nafasi? Pampu na bomba ndiyo ghali, na vibali. Mtambo ukishakuwepo unakubaliana bei. Walichonunua kwa ile dola milioni 150 ni haki ya maji, kwamba ukame ukija hesabu yao inajulikana. Nimefanya kazi kwenye mamlaka ya maji miaka mingi, asikwambie mtu: mwenye chanzo ndiye mwenye sauti kwenye kikao, mwenye mtambo anafuata.

---

Mkaa Ughaibuni

Umenifungua macho hapo, mimi nilikuwa naona kichekesho tu.

---

Chungu Tamu

Naomba kuuliza. Wakulima walipata nini? Maana nionavyo mimi watu wa Princess Anne walikwepa kumezwa na jiji la jirani, halafu wakajenga jiji lao wenyewe juu ya mashamba yao. Tofauti iko wapi kwa mwenye shamba?

---

Mkaa Ughaibuni

Swali kali. Kwa mwenye shamba wa kaskazini, Kempsville au Bayside, tofauti haikuwepo. Shamba liliuzwa, zikaota nyumba na maduka makubwa yenye maegesho ya kukimbizia farasi. Miaka ya 1970 mtu aliyekuwa hajarudi tangu 1960 angepotea.

Kusini ni habari nyingine. Mwaka 1979 jiji likachora kitu wanachokiita Green Line, mstari kwenye mpango wa ardhi. Kaskazini mwake jiji linapeleka maji, maji taka na barabara. Kusini mwake halipeleki. Bila bomba la jiji mwekezaji hawezi kujenga nyumba mia tano, kwa hiyo shamba linabaki shamba. Baadaye, 1995, wakaanzisha mpango wa hifadhi ya kilimo: jiji linamlipa mkulima anunuliwe haki ya kujenga, ardhi inabaki yake, analima, lakini haki ya kuijenga anakuwa ameshaiuza kwa jiji.

Ukishuka kusini kwa Princess Anne Road utaona mstari huo kwa macho. Unatoka kwenye taa za barabarani na vituo vya mafuta, ghafla barabara inabaki njia mbili, mitaro ya maji meusi kushoto na kulia, mahindi, soya, kibao cha mkono kinachosema stroberi chuma mwenyewe. Pale panaitwa Pungo. Kila mwisho wa Mei wana tamasha la stroberi. Na bado uko ndani ya jiji lenye watu wengi kuliko yote Virginia. Sensa ya 2020 iliwahesabu 459,470. Norfolk iliyokuwa inatisha ilihesabiwa 238,005, imepungua kutoka zaidi ya 300,000 ya mwaka 1970, haina pa kupanukia.

Kwa hiyo jibu langu: kusini walipata muda. Norfolk ingekuwa imefika huko, sidhani kama ingechora mstari.

---

Mzee wa Gerezani

Hapo umekisia. Hujui Norfolk ingefanya nini.

---

Mkaa Ughaibuni

Sawa mzee, nimekisia. Nabaki na kisio langu.

---

Wakili wa Mtaani

Nimekuwa nasoma kimya kimya, ila mleta mada aliahidi habari ya uchaguzi halafu amejificha kwenye stroberi. Naomba nimsaidie, maana kesi yake ni ya kusomwa darasani.

Siku ya muungano jiji liligawanywa kata 7, na idadi ya watu ilikuwa hivi kwa sensa ya 1960: Bayside 29,048, Lynnhaven 23,731, Kempsville 13,900, Virginia Beach ya zamani 8,091, Princess Anne (kata tu yenye jina la kaunti) 7,211, Pungo 2,504 na Blackwater 733. Mia saba thelathini na tatu! Wakati huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa inapitisha hukumu za mtu mmoja kura moja. Mgawanyo wa kwanza wa viti vya baraza ulipuuza idadi hizo, wapiga kura wakashitaki, ukaanguka.

Wakaja na mpango wa saba kwa nne. Madiwani 11. Wote wanachaguliwa na jiji zima. Wanne wanatoka popote, ila saba lazima kila mmoja awe anaishi kwenye kata yake. Maana yake yupo diwani mkazi wa Blackwater, lakini anachaguliwa na watu wa Bayside na Lynnhaven pia. Mahakama ya Rufani ikasema hii nayo haifai. Mahakama ya Juu, kesi ya Dusch dhidi ya Davis ya 1967, ikasema inafaa. Jaji William Douglas aliona kata pale zinatumika kama sharti la makazi tu, diwani ni wa jiji zima, na akauona mpango mzima kama mapatano baina ya mjini na shamba.

Kisheria sina ubishi nayo. Kisiasa ilikuwa na sumu iliyochelewa kufanya kazi. Ukimchagua kila diwani kwa kura za jiji zima, kundi lenye wengi linachagua wote. Wapiga kura weusi, Walatino na wenye asili ya Asia wanaweza kukubaliana wote juu ya mgombea mmoja wa mtaa wao, na bado akashindwa kwa kura za mitaa mingine.

---

Dada Mtundu

Asante Wakili. Na iliisha lini?

---

Wakili wa Mtaani

Juzi juzi tu, dada. Mwaka 2021 jaji wa shirikisho alisema mfumo ule unakiuka Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Kabla rufaa haijaisha Bunge la jimbo likawa limeshapitisha sheria iliyoubadilisha, kwa hiyo Mahakama ya Rufani 2022 ikaifuta hukumu kwa kuwa ubishi wenyewe umepitwa. Jiji likaenda kwenye maeneo 10, kila eneo linachagua diwani wake, meya anachaguliwa na wote. Uchaguzi wa Novemba 2022 ndio ulikuwa wa kwanza. Mapatano ya mjini na shamba yalidumu karibu miaka 60.

---

Kijana wa Kiambu

Kwa hiyo hakuna kurudi nyuma? Kaunti haiwezi kufufuliwa?

---

Wakili wa Mtaani

Kurudi nyuma kupo kwa majiji madogo yaliyochoka. South Boston 1995, Clifton Forge 2001 na Bedford 2013 yaliacha hadhi ya jiji yakarudi kuwa miji ndani ya kaunti. Hayo yalikuwa na kaunti ya kurudia. Virginia Beach irudi wapi? Na sababu ya kuogopa imeondoka: tangu 1987 Bunge la jimbo limesimamisha majiji kumega kaunti, na zuio hilo limekuwa likiongezwa muda.

---

Mzee wa Gerezani

Yaani wangevumilia miaka 24 tu.

---

Mkaa Ughaibuni

Mzee, miaka 24 ya kumegwa wangebaki na nini? Norfolk 1959 peke yake ilichukua kipande kile.

Na msifikiri uhasama umeisha. Norfolk ilijenga treni nyepesi, inaitwa The Tide, ilianza 2011. Ukipanda inakupeleka mashariki mpaka kituo cha Newtown Road, na hapo mpaka wa jiji uko jirani kabisa. Reli inakwisha. Wapiga kura wa Virginia Beach 2012 walisema wanataka iendelezwe, 2016 wakasema hawataki. Basi unashuka, unatafuta basi.

---

Chungu Tamu

Nje ya mada kidogo. Nimeona kwenye ramani kuna barabara inaitwa Witchduck. Hiyo nayo ni ya kaunti?

---

Mkaa Ughaibuni

Ndiyo, na ni ya kaunti kweli kweli. Mama mmoja wa Pungo, Grace Sherwood, majirani walimtuhumu uchawi. Tarehe 10 Julai 1706 mahakama ya Princess Anne iliamuru atoswe kwenye Mto Lynnhaven amefungwa: akizama hana hatia, akielea ni mchawi. Akaelea. Akafungwa gerezani, baadaye akatoka na akaishi mpaka uzeeni. Tarehe 10 Julai 2006 Gavana Tim Kaine akamsafisha jina lake. Barabara imepita karibu na hapo alipotoswa, watu wanapita kwenda kazini.

---

Dada Mtundu

Mwisho kutoka kwangu. Mtu akitafuta habari za babu zake, hati za ardhi, wosia, na hata majina ya waliokuwa watumwa yaliyoandikwa kwenye orodha za mali, anakwenda wapi? Kaunti haipo.

---

Mkaa Ughaibuni

Dada, vitabu havikuhama. Viko kwa karani wa mahakama ya jiji la Virginia Beach, palepale kwenye makao yale ya kijijini, vitabu vya hati vya Princess Anne tangu 1691. Vya Kaunti ya Norfolk viko kwa karani wa Chesapeake, hivyo vinarudi mpaka 1637. Mtu aende na jina, mwaka wa kukisia, na jina la mmiliki wa ardhi au wa watu, maana kwa waliokuwa watumwa mara nyingi njia inapita kwenye wosia wa mmiliki. Nakala za kumbukumbu nyingi za zamani zipo pia Maktaba ya Virginia kule Richmond. Asitafute chini ya "Virginia Beach" kwa mambo ya kabla ya 1963, atapata ule mji wa hoteli tu.